Taa Waliyoizima Majirani

Fundi Mogami Tatsuji alikuwa na kidole kilichojulikana mji mzima wa Onizawa. Kila alipomaliza kulifanyia gari sevisi alilizunguka akinyoosha kidole hicho cha shahada na kutaja kila kitu kwa sauti, kama mwalimu anayeita majina asubuhi: "Oili, sawa. Kifuniko cha oili, sawa. Nati za mbele, sawa. Nati za nyuma, sawa." Kisha alifungua mlango, akaelekeza kidole kwenye dashibodi, "Taa, sawa," ndipo aliposhusha pumzi na kumwita mwenye gari. Tabia hiyo aliitoa kwenye karakana ya reli alikoanzia kazi akiwa kijana. Huko, mtu asiyenyoosha kidole na kutamka alichokiona hakuruhusiwa kugusa treni. Wapita njia walimtania kwamba anayasomea magari dua, naye alicheka pamoja nao, lakini moyoni alijivuna. Sasa alikuwa amekula chumvi, mgongo umeanza kupinda, na kidole bado kilikuwa kinanyooka vilevile.

Taa aliyoitaja ni ile ndogo ya rangi ya chungwa, yenye umbo la spana, inayowaka mbele ya dereva umbali wa kufanya sevisi ukitimia. Wengi hudhani inanusa oili chafu. Hainusi chochote. Inahesabu mwendo tu, na hata ukimwaga oili yote ukaweka mpya, yenyewe haina habari mpaka uiambie. Kuiambia si kazi ya kutoa jasho: unafungua swichi bila kuwasha injini, unabonyeza kitufe cha mita na kukishikilia mpaka taa ipepese, unaachia, unabonyeza tena, basi, imezimika, inaanza kuhesabu upya. Mtoto wa shule anaweza. Kwa hiyo fundi akiisahau, hakuna atakayesema hajui kazi. Watasema mwili ulikuwepo kazini na akili ilikuwa kwingine, na hilo ni baya zaidi.

Siku yenyewe ilikuwa ya Novemba, theluji ikitarajiwa wakati wowote, na Onizawa nzima ilikuwa imemkumbuka Mogami kwa mpigo mmoja. Wiki hiyo kila mtu hutaka sevisi na hutaka kuvalisha gari matairi ya theluji, na kila mtu hutaka leo. Asubuhi alianza na gari la binti yake, Michiyo, aliyeolewa mjini ng'ambo ya mlima. Huko kwao gereji zimejaa tele, lakini Michiyo hakuwahi kupeleka gari kwingine. Kila mwanzo wa baridi alipanda mlima akaushuka, na safari hii alikuja na mtoto wake, Honoka, aliyesimama mlangoni mwa gereji na kunyoosha kidole chake kidogo akimfuatisha babu: "Nati za nyuma, sawaaa." Mogami alifurahi mpaka akarudia kwa sauti kubwa zaidi, ili mjukuu acheke tena. Walikula chakula cha mchana pamoja, kisha Michiyo akaondoka, na baba yake akasimama kando ya barabara akainama, kama anavyomwinamia mteja yeyote, mpaka gari la bluu likapotea kwenye kona.

Baada yake akaja Mama Iwabuchi, mjane wa mtaa wa pili, kuchukua gari lake lililokuwa limekamilika tangu jana. Alikunywa chai, akasifu chai, akasifu gari lilivyooshwa, akainama, akainamiwa, akaenda. Ndipo Mogami akaona ameacha glavu moja ya sufu mezani. Ofisini alikuwa amebaki Mtawa Jikai wa hekalu la juu, akisubiri gari lake lililokuwa limepandishwa kwenye lifti, akiwa ameegemea jiko la mafuta ya taa na kusinzia nusu nusu.

"Mtawa, nampelekea Mama Iwabuchi glavu yake mara moja. Utaniwia radhi."

"Nenda, Fundi, nenda. Mimi na jiko lako tunaelewana."

Nyumba ya Mama Iwabuchi ilikuwa hapo hapo karibu, nyuma ya ukuta mfupi wa mawe. Mtu mwenye heshima zake akifika uani kwa watu hukohoa kwanza, na Mogami alikuwa ameshavuta pumzi ya kukohoa aliposikia sauti mbili kutoka ndani ya gari, mlango ukiwa wazi. Moja ilikuwa ya mwenyewe. Nyingine ilikuwa ya Mama Chigira, muuza tofu, mwanamke ambaye hata akinong'ona unamsikia barabarani.

"Umeachia mapema. Anza tena."

"Mbona kwako inakubali?"

"Kwangu mimi nimezoea. Bonyeza. Usiachie. Usiachie nimesema, unaachia kama unashika kaa la moto. Ngoja ipepese. Haya, achia. Bonyeza tena. Umeona? Imelala."

"Imezimika kweli."

"Mimi sasa hivi ni fundi kuliko fundi. Nimezima ya Mtawa, nimezima ya posta, kwa Wakui nimezima mara mbili. Siku moja nitaandika bango: tofu na taa."

Wakacheka wote wawili. Kisha Mama Iwabuchi akasema, "Maskini," kwa sauti ya chini, na mwenzake akaitikia, "Maskini wa Mungu." Mogami alijua bila kuambiwa kwamba maskini ni yeye.

Pumzi ile ya kukohoa aliimeza. Alisimama nyuma ya ukuta na glavu mkononi, kama mwizi wa nguo kwenye kamba. Kwa taa peke yake angeona haya, angeenda nyumbani, labda asingelala vizuri siku mbili tatu. Lakini Mama Iwabuchi alikuwa na swali lingine.

"Na nati je? Mimi kesho nampeleka mama mkwe hospitali."

"Usitie shaka. Mzee wangu atapita jioni na spana yake kama kawaida. Nyinyi jifanyeni hamumwoni. Akimaliza ataondoka."

"Mwaka jana alikuta nini?"

"Kwa Mtawa, mbili. Kwa Wakui gurudumu zima, unazungusha kwa vidole hivi."

"Jamani."

"Ndiyo maana nasema hii taa ilituokoa. Gari limetoka sevisi, limeoshwa, linanukia, halafu taa inakukodolea macho. Unajiuliza, kama hii ameisahau, kasahau nini kingine? Bila taa nani angekwenda kushika nati?"

"Si tumwambie tu?"

"Tumwambie nani na nani? Wewe ile theluji kubwa ulipotumbukia mtaroni, nani alikuja kukuvuta na hakutaka hata chai? Haya, nenda kamwambie."

Mama Iwabuchi akaguna.

"Tena mkewe ndiye aliyetuomba," Mama Chigira akaendelea. "Sumie alikuja dukani kwangu akanunua tofu ambayo hakuihitaji, akasimama, akalia. Akasema, mzee wako alikuwa dereva wa basi, anajua magari, anaweza kuwa anapita nyuma yake? Ningesema nini?"

Watu wa Onizawa wana adabu ya kupitiliza. Watakuruhusu ukae na punje ya wali kidevuni tangu asubuhi mpaka jioni, wasikwambie, wasije wakakuaibisha, na adabu hiyo hiyo inaweza kumuua mtu huku ikimwomba radhi. Mogami mwenyewe alizaliwa nayo. Ushahidi ni kwamba hata baada ya kuyasikia yote hayo hakujitokeza, hakuuliza, hakukohoa. Aliiweka glavu juu ya sanduku la barua, taratibu, isitoe sauti, akaondoka kwa ncha za vidole.

Njiani uso ulimwaka moto ingawa upepo ulikuwa wa kukata masikio. Kila kitu kilichokuwa kinamfurahisha sasa kilimrudia kwa sura nyingine. Mzee Chigira, aliyekuwa akipita pita mitaani jioni na mfuko wa kitambaa, akisema daktari amemwambia atembee. Kumbe mfuko una spana. Mtawa, aliyesema gari linakimbia kama swala. Wakui, aliyemletea matofaa kapu zima mwaka jana na kuinama chini kuliko kawaida. Alikuwa amepokea matofaa ya mtu ambaye nusura amuue, na akayala, na akasema ni matamu. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Novemba ni ngumu, na majirani wawili walikuwa wanapita, wakamsalimu, akawasalimu.

Alikuwa amefika karibu na gereji alipokumbuka gari la bluu.

Alisimama pale pale barabarani akajaribu kuiona asubuhi yake. Sauti aliikumbuka vizuri: "Nati za nyuma, sawa." Kidole alikikumbuka. Kicheko cha Honoka alikikumbuka kana kwamba bado kinasikika. Mkono ndio hakuuona. Ile spana yake ya kupimia, inayotoa mlio ta! nati ikishakaza ipasavyo, je, aliisikia? Aliisikia kwenye magurudumu ya mbele. Halafu mtoto akasema ana kiu, akaenda ndani kumtafutia chungwa, akarudi, akashusha gari chini, akaanza kunyoosha kidole. Au alikaza kwanza ndipo akaenda kuleta chungwa? Alifumba macho akatafuta, na alichokipata ni mdomo wake tu, ukisema sawa, sawa, sawa. Kinywa kilikuwa kimekariri kazi, na macho yalikuwa yanakifuata kwa heshima. Kila nati yenye kasoro mjini ilikuwa imepita chini ya kidole hicho na kupewa cheti.

Akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, na viatu vyake vya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Sumie alikuwa anatia figili chumvi kwenye pipa. Aliyaona yale madoa ya matope sakafuni, akanyanyua macho kumtazama mumewe.

"Mama," Mogami akasema, kwa maana ndivyo walivyoitana tangu Michiyo azaliwe, "gari la Michiyo, Chigira amelipitia?"

Mikono ya Sumie ilisimama ndani ya pipa. Kwa swali hilo moja alielewa kwamba mumewe ameshajua yote.

"Alikuwa kwa daktari wa meno," akajibu. "Nilimpigia. Michiyo naye hakutaka kukaa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Baba, chai yako imepoa. Nikuwekee nyingine?"

Siku nyingine angekasirika. Angesema, mwaka mzima unanitazama mimi nikijivuna mezani na wewe unanimiminia chai. Sasa hasira haikupata nafasi. Alipita moja kwa moja mpaka ofisini, kwenye simu, akiacha matope kila anapokanyaga, na Sumie nyuma yake akiwa na mikono iliyojaa chumvi. Mtawa Jikai akazinduka, akajiweka sawa kwenye kiti.

Simu ya Michiyo iliita mpaka ikakatika. Michiyo hapokei simu akiendesha. Baba yake ndiye aliyemfundisha hivyo. Akapiga tena. Ikaita, ikakatika. Kwa saa hiyo angekuwa amepanda zile kona za juu, zenye korongo upande mmoja, na baada ya hapo kuna kituo cha mapumziko kabla barabara haijaanza kuteremka. Ukivuka kituo, ni mteremko mtupu mpaka mjini.

Kituoni kulikuwa na Gennai, aliyesoma naye darasa moja, anayechoma maandazi ya mchele kwa mchuzi mzito wa soya na kumtania kila binadamu anayepita. Mogami akapiga huko.

"Kituo cha mlimani."

"Gennai, ni mimi, Mogami."

"Oho, Mzee wa Kidole! Kidole kinasemaje leo? Sawa?"

Mogami alimtazama Mtawa. Mtawa alikuwa anaikagua chai yake. Sumie alisimama mlangoni. Hata hapo, na mtoto akiwa barabarani, adabu ilimtangulia mdomoni.

"Binti yangu anapita huko. Kuna kitu amesahau. Ukimwona mwambie anipigie."

"Kitu gani? Kama si cha haraka nitamwambia akiingia. Asipoingia basi, siwezi kukimbiza magari, nina maandazi motoni."

"Si kitu kikubwa."

"Basi haya."

Gennai alikuwa anakaribia kukata. Mogami alisikia sahani zikigongana upande wa pili.

"Gennai, ngoja." Sauti ilitoka kavu, akalazimika kuanza upya. "Hajasahau kitu. Mimi ndiye niliyesahau. Asubuhi nimemfungia magurudumu na sijui kama niliyakaza. Huwa nasahau siku hizi. Nasahau taa, nasahau nati. Mji mzima unajua, mimi ndiye nimejua leo. Amempakia mjukuu wangu. Kamsimamishe."

Kwa mara ya kwanza tangu darasa la kwanza, Gennai hakuwa na utani.

"Gari rangi gani?"

"Bluu. Dogo, la mraba."

"Naenda kusimama barabarani," akasema, na simu ikabaki wazi, ikileta sauti ya maandazi yakiungua peke yake.

Mogami aliirudisha simu mahali pake ili Michiyo aweze kupiga. Mtawa, ambaye kazi yake ni kupata la kusema kwenye nyumba za wafiwa, hakupata lolote. Sumie alianza kupangusa matope sakafuni kwa magoti, polepole, akirudi rudi mahali palipokwisha kuwa safi. Mogami alimwona na akaona haya hata kwa hilo, lakini hakuweza kutoka penye simu. Alikuwa anawaza mambo ambayo hayafai kuandikwa, na kila alipowaza, palitokea kile kiti cha nyuma chenye mikanda ya mtoto.

Simu ilipoita alibabaika akaishika kichwa chini.

"Baba?" Ilikuwa sauti ya Michiyo, na nyuma yake Honoka akiimba. "Kuna nini? Mzee Gennai amesimama katikati ya barabara na aproni, anapungia magari mwiko. Amesimamisha lori mbili. Mimi mwenyewe niko hapa maegeshoni tangu muda."

Mogami akaketi kwenye sanduku la filta.

"Usiliondoe gari," akasema. "Usiende popote. Nati za nyuma, mwambie Gennai azishike. Sina hakika kama nilizikaza."

Michiyo alishusha sauti.

"Ziko sawa, Baba. Nimezikaza."

"Umezikaza?"

"Nina spana kwenye buti. Ndiyo nilikuwa namalizia alipotoka mbio. Usiwe na wasiwasi, zote zimekaza, nimezirudia."

Sumie, aliyekuwa anasikia kila kitu, alifunika uso kwa viganja vyake vya chumvi. Mogami alipaswa kushukuru, na alishukuru, moyo ulirudi mahali pake ukapiga tena. Lakini kichwa chake, ambacho kilikuwa kimeamshwa siku hiyo kwa nguvu, hakikukubali kulala.

"Spana ya nini kwenye buti?"

"Ya dharura tu."

"Michiyo. Tangu lini unakaza nati kituoni?"

Honoka aliimba ubeti mzima kabla mama yake hajajibu.

"Tangu baridi ya mwaka jana. Niliona gari linatikisika."

"Na mwaka huu ukaniletea tena."

"Ungejua, Baba. Nisingelileta ungeuliza kwa nini."

"Huku chini si kuna mahali pa kusimama? Kwa nini mpaka juu?"

"Huko chini wote wananifahamu. Nikisimama kando na spana, kabla sijafika kwangu ungekuwa umeambiwa. Huwa naendesha polepole sana mpaka hapa. Kwenye kona natembea kama bibi."

Hapo ndipo aibu ilipofika mahali ambapo haikuwa imefika siku nzima. Nyuma ya ukuta wa Mama Iwabuchi alijionea haya kama fundi, na hilo mtu anaweza kulimeza, fundi huzeeka. Lakini binti yake alikuwa amejua, au angalau ameshuku, akamfunga mtoto mikanda kwenye kiti cha nyuma, akampungia babu mkono, akampandisha mtoto huyo mlima mzima kando ya korongo, ili babu aliyeinama barabarani asiaibike. Alikuwa ameweka heshima ya baba yake na mtoto kwenye mizani moja, akachagua. Na hakuwa mtu mbaya, alikuwa binti aliyemlea vizuri. Aliyemlea ni yeye mwenyewe.

"Leo umekuta ngapi?" akauliza.

"Baba, huku baridi, ngoja niingie—"

"Ngapi?"

"Ziko sawa sasa."

"Sikuulizi sasa. Nakuuliza ulikuta nini. Nijibu. Hakuna aliyenijibu mwaka mzima."

Michiyo alivuta pumzi, na Mogami akasikia kwamba analia, ingawa alijitahidi isisikike.

"Gurudumu la nyuma, upande wa Honoka. Zote. Moja nilikuta imeshadondoka, haipo."

Mogami alikubali kwa kichwa, kana kwamba binti yake anaweza kumwona. Alitaka kusema samahani, na neno lilikuwa dogo mno kwa kitu hicho, akaliacha.

"Mwambie Gennai akutafutie nati kwenye magari mabovu pale nyuma, anayo. Usiondoke mpaka ipatikane. Na gari lako usiniletee tena. Nikikupigia mwenyewe nikuulize kwa nini, niambie kwa nini."

"Ndiyo, Baba."

"Mpe Honoka andazi."

Alipokata simu aligundua kwamba Mtawa Jikai amesimama, kanzu yake nyeusi imekunjamana kwa kukaa, na anatafuta njia ya kutoka bila kuonekana anatoka.

"Fundi, mimi naona nitarudi kesho. Hakuna haraka kabisa. Gari lenyewe sina safari nalo, hapo hekaluni natembea tu, tena matembezi ni mazuri kwa—"

"Mtawa, gari lako nimelifungua asubuhi. Sitalifunga mimi. Wewe mwaka jana ulikutwa nati mbili hazijakaza. Ulijua?"

Mtawa alifungua mdomo. Neno la adabu lilikuwa limeshafika kwenye meno, lilionekana kabisa, laini na limepigwa pasi. Kisha akamtazama Sumie aliyepiga magoti na kitambaa mkononi, akalirudisha.

"Nilijua," akasema. "Na niliendelea kukusifu. Nisamehe."

Mogami akainama, Mtawa naye akainama, na kwa kuwa ofisi ilikuwa ndogo nusura wagongane vichwa. Hakuna aliyecheka. Mogami akanyanyua tena simu na kupiga duka la tofu. Aliyepokea alikuwa Mama Chigira, aliyekuwa amerejea tu, bado anahema, na mara alipomsikia akaanza kusema hali ya hewa, na theluji, na jinsi mwaka huu figili zilivyokuwa nzuri.

"Mama Chigira," Mogami akamkatiza, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanamke wa mtaa ule, "mwambie mzee wako asisubiri jioni. Aje sasa hivi, na spana yake aishike mkononi, asiitie mfukoni. Na apite mlango wa mbele."